Ndoo mbili za machicha: kisa cha asali iliyobaki kwenye nta

Kisa hiki kilitokea nyumbani kwa mfugaji nyuki mmoja mkoani Tabora, mwishoni mwa Juni na siku za mwanzo za Julai. Mwenyewe ameridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba jina lake, kijiji chake na mnunuzi wake visitajwe. Hapa nitamwita Mama Mizinga, jina nililompa mimi, naye akacheka. Mimi nilihusika kuanzia siku ya nne tu. Ya siku tatu za kwanza nimeyapata kwake, kwa mwanawe wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, na kwenye daftari la kijana huyo. Kijana aliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza mahindi na kupima kila kitu kilichoingia na kutoka jikoni. Bila daftari lile, hiki kingekuwa kisa cha "asali iliharibika kidogo", kama visa vingi vya namna hii vinavyoishia.

Usuli

Mama Mizinga ana mizinga sita ya kisasa, ile ya sanduku yenye viunzi vya juu, iliyotundikwa kwenye miombo, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka nyumbani. Marehemu mumewe alifuga kwa mizinga ya magogo, na enzi zake asali iliuzwa ikiwa bado ndani ya masega: unajaza ndoo, unafunika, mnunuzi anabeba. Kuchuja ilikuwa kazi ya mnunuzi. Kwa hiyo mama huyu anajua kurina kuliko wanaume wengi wa pale, ila kuchuja asali nyumbani alikuwa hajawahi.

Kilichombadilisha ni bei. Mnunuzi alimwambia kwamba asali iliyochujwa ataichukua kwa shilingi 7,000 kwa kilo, na kwamba anataka ndoo za lita 20 zilizojaa. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa kuwa lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Hilo neno "zilizojaa" mlishike, maana ndilo lililoleta balaa.

Vyombo alivyokuwa navyo: ndoo nne za plastiki zenye vifuniko, sufuria kubwa ya aluminiamu, jiko la mkaa, kipande cha amerikani, na kisu. Wasaidizi walikuwa kijana wake, mama mkwe ambaye wote humwita Bibi, na shemeji, mdogo wa marehemu, anayekaa boma la pili.

Jambo moja la hali ya hewa. Tabora mwezi wa sita na wa saba ni kiangazi: mchana jua, usiku baridi ya kukunja mtu. Asali inaijua baridi hiyo. Saa tisa alasiri inachuruzika kama uji mwepesi, saa tisa usiku imekaza kama gundi.

Kilichotokea, siku kwa siku

Walirina usiku wa kwanza na kurudi alfajiri. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, waliyaacha mzingani, na hapo walifanya sawa kabisa. Lakini masega yenye chavua waliyatia ndoo moja na yale ya asali iliyozibwa vizuri, "kwa sababu yote yana asali". Mizani ilisoma kilo 78.

Asubuhi hiyo wakayaponda kwa mikono na kutafuta kitu cha kuchujia. Bibi alileta chandarua kilichotolewa zahanati, bado kipya kwenye mfuko wake. Kijana akakataa. Alisoma maandishi ya kwenye mfuko akamwambia, "Bibi, hiki kina dawa ya mbu. Tutawalisha watu sumu." Bibi hakufurahi, lakini chandarua kilirudi ndani. Naliandika hili kwa sababu nimeona vyandarua vya aina hiyo vikitumika kuchujia asali zaidi ya mara moja, na mchujaji hana habari kwamba dawa iliyowekwa kuua mbu huua nyuki pia, wala kwamba asali iliyopita humo si ya kumuuzia mtu. Walinunua neti ya plastiki ya dirishani, wakaiosha, wakaifunga mdomoni mwa ndoo. Amerikani walikuwa wamelijaribu kwanza likaziba ndani ya dakika chache, hivyo likawekwa kwa ajili ya mchujo wa pili.

Hadi jioni ya siku ya pili walikuwa na kilo 51 za asali safi: ndoo moja imejaa, kilo 28, na ya pili ina kilo 23. Machicha, yaani masega yaliyopondwa na bado yanang'aa kwa asali, yalikuwa kilo 24, yakagawanywa kwenye ndoo mbili za kilo 12 kila moja. Kilo tatu zilizobaki zilipotelea kwenye vyombo, mikono na midomo.

Siku ya tatu asubuhi walianika ile neti kwenye kamba ya nguo bila kuiosha, na ndoo zilizotoka kuchotwa zikaachwa wazi barazani. Kufikia saa nne nyuki walikuwa wamejaa uani. Si wale wa mizinga yao, maana iko mbali. Ni nyuki wa porini walio karibu. Mbuzi aliyekuwa amefungwa mti wa jirani aliumwa kiasi cha kulala chini, na kijana alimkata kamba akiwa amejifunika gunia. Mbuzi alipona. Walifunga milango wakakaa ndani hadi magharibi.

Ni katika kukaa ndani huko ndipo shemeji, aliyekwama nao, alipotoa ushauri. "Shemeji, hayo machicha weka jikoni tu. Nta itapanda juu, asali itabaki chini. Kesho unabandua nta kama chapati. Hata mzee alikuwa anafanya hivyo."

Usiku huo ndoo ya kwanza ya machicha ikatiwa kwenye sufuria, bila maji, juu ya mkaa mkali. Nta ilichukua muda mrefu kuyeyuka. Chini kulianza kutokota huku juu bado kuna mabonge. Kijana alipokoroga, povu lilipanda ghafla, likamwagika kwenye mkaa na moto ukaruka hadi usawa wa kifua. Waliitoa sufuria kwa matambara, wakaiacha ikapoa usiku kucha. Asubuhi kweli kulikuwa na bamba la nta lenye uchafu chini yake, na chini ya bamba kilo 6.5 za kimiminika cha rangi ya kahawa, chenye harufu ya sukari iliyoungua.

Mama Mizinga aliionja. Aliniambia baadaye kwamba alijua pale pale si sawa na nyingine. Lakini ndoo ya pili ya asali ilikuwa na kilo 23, ilipungua kilo tano tu kujaa, na mnunuzi alitaka ndoo zilizojaa. Alipima kilo tano, akazimimina, akakoroga.

Nilifika siku hiyo ya nne mchana, nikiwa nimeitwa kwa habari ya mbuzi na nyuki, si kwa habari ya asali. Ndoo ilikuwa imeshafungwa. Aliponieleza, ndoo ya pili ya machicha ilikuwa bado haijaguswa, tukaona angalau hiyo tuifanyie kazi tofauti.

Ndoo ya pili

Tuliamua jambo moja kwanza: moto usikaribie mpaka asali yote inayoweza kutoka yenyewe iwe imetoka. Joto tulilihitaji, ila si la jikoni. Nyumba ile ina stoo ndogo iliyoezekwa kwa bati, bila dari, ambako huwekwa magunia ya mahindi. Niliweka kipimajoto changu juu ya gunia saa tisa alasiri kikasoma nyuzi 38. Hiyo ndiyo joto tuliyotaka. Nyuki wenyewe hutunza kiota chao chenye majana kwenye nyuzi 34 au 35 hivi, kwa hiyo 38 haiiharibu asali, na bado inatosha kuilegeza.

Ndoo moja ya zamani tuliitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, tukaiosha vizuri, tukatandika neti ndani yake, tukaipandisha juu ya ndoo nyingine. Machicha tuliyavunja kwa mikono hadi yakawa kama makombo ya mkate, maana bonge kubwa huficha asali katikati na haitoki ng'o. Kifuniko juu, tambara kwenye tundu la dirisha, mlango umefungwa: hata nyuki mmoja asipate harufu. Mchana asali ilitembea, usiku ikalala. Kila mchana kijana aligeuza machicha mara moja. Baada ya siku tatu za namna hiyo tulikuwa na kilo tano za asali ambayo, kwa macho na ulimi wangu, haikutofautiana na ile ya mwanzo.

Kisha tukafunga machicha ndani ya amerikani na kuyasokota kwa vijiti viwili, kama mtu anayekamua tui. Ikatoka kilo moja zaidi, lakini yenye ukungu na uchungu kidogo kwa ajili ya chavua. Hiyo iliwekwa kando kwa matumizi ya nyumbani. Kama ningerudia, hatua hii ningeiacha kwa machicha yenye chavua nyingi. Unapata kilo moja ya asali isiyouzika na jasho jingi.

Yalibaki kilo sita. Ndani yake bado kulikuwa na asali iliyoganda kwenye kuta za vijumba, na hiyo haitoki kwa kuning'inizwa wala kukamuliwa. Hutoka kwa maji. Tulichemsha maji lita sita, tukayaacha yapoe hadi mkono unavumilia bila shida, tukayamimina juu ya machicha, tukayafikicha, tukachuja. Tulipata maji matamu, ya rangi ya chai hafifu.

Hapo ukazuka ubishi ambao sikuutegemea. Bibi alisema maji hayo ni ya wanzuki, yaende kwenye mtungi. Mama Mizinga ni mlokole. Alisema pombe haitapikwa ndani ya uzio wake. Bibi akamuuliza kama marehemu mwanawe alilelewa kwa soda. Mimi nilijikuta nikisisitiza jambo moja tu, kwamba lolote watakaloamua waliamue leo. Asali haiozi kwa sababu maji yake ni machache. Ukishaiongezea maji, hamira iliyomo huamka, na kwa joto la mchana wa pale kesho kutwa ni povu, utake usitake. Mwisho nusu ilipikiwa uji wa asubuhi, na nusu Bibi aliibeba kwa dumu hadi kwa shemeji. Sikuuliza ilifanywa nini.

Nta

Kilo zilizobaki baada ya kuosha, pamoja na bamba chafu la usiku wa moto, ndizo tulizoyeyusha kupata nta. Hapa moto una haki yake. Machicha yaliyooshwa yalitiwa kwenye kiroba safi, kiroba kikafungwa, kikazamishwa kwa jiwe ndani ya sufuria ya aluminiamu yenye maji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, nayo ni nyepesi kuliko maji, hivyo hupenya kirobani na kuelea, na takataka hubaki ndani. Maji tuliyaacha yafuke tu bila kuchemka kwa nguvu. Kazi ilifanyika nje, jioni, na mtu hakuondoka karibu na sufuria hata kidogo. Bamba la usiku wa moto liliyeyushwa vivyo hivyo, kwa zamu yake.

Bamba la mzunguko wa kwanza lilipopoa lilikuwa na utando wa kijivu chini yake, laini kama sifongo iliyolowa. Shemeji alidhani ni uchafu. Ni maji ya kisima. Maji ya pale ni magumu, yana chokaa, na chokaa hushikana na asidi za nta kutengeneza kitu cha jamii ya sabuni. Dawa yake ni maji ya mvua, ila Julai mvua ungeipata wapi. Tulirudia kwa maji mapya yenye vijiko viwili vya siki, na bamba la pili likatoka la njano, gumu, lenye kugonga likilia. Kutoka ndoo ya pili tulipata kilo 1.9 za nta, na kutoka kwenye bamba la ndoo ya kwanza kilo 1.7, ambayo rangi yake ilikuwa nyeusi zaidi.

Matokeo

Mnunuzi alikuja siku ya tano, wakati ndoo ya pili ya machicha bado iko stoo. Alifungua ndoo ya kwanza ya asali, akanusa, akaonja, akaipima unyevu, akalipa shilingi 196,000. Alifungua ya pili, akanusa, akafunga kifuniko. Akasema hii imepikwa. Mama Mizinga hakukana. Walipatana shilingi 4,500 kwa kilo, na mnunuzi akasema ataipeleka kwa watengeneza vyakula, haitaingia chupani.

Hesabu ya kijana daftarini ni hii. Kilo 28 kwa 4,500 ni shilingi 126,000. Kama wangeuza zile kilo 23 peke yake, bila kuijaza ndoo, wangepata 161,000, na kilo tano zilizoungua zingebaki nyumbani kwa uji. Kwa hiyo kumimina kilo tano za asali kwenye ndoo kulimgharimu mama huyu shilingi 35,000, na kilo tano zenyewe zikaenda bure.

Kilo tano za stoo ziliuzwa baadaye pale pale kijijini kwa chupa. Nta haikuuzwa yote. Fundi viatu wa mnadani alinunua kidogo ya kupaka nyuzi, kiasi kilipakwa kwenye viunzi vya mizinga miwili mipya ili kuvuta nyuki, na iliyobaki ilikuwa bado ipo kwenye kabati nilipopita mara ya mwisho. Makapi yaliyotoka kirobani yaliwashia moto wiki nzima. Hayana mfano kwa kuwashia kuni mbichi.

Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki hudhani kosa ni moto mkali, na kwamba moto wa polepole ungeokoa asali. Sivyo. Nta haiyeyuki chini ya nyuzi 62. Asali yoyote unayoitenga kwa kuyeyusha nta lazima ipite joto hilo, na si kwa dakika moja, bali kwa muda wote unaongoja bonge la katikati lilainike. Hakuna njia ya upole ya kuyeyusha nta juu ya asali. Sufuria ndani ya sufuria ya maji inapunguza kuungua, haiondoi kupikwa. Asali iliyopikwa hupoteza harufu na vimeng'enya vyake, na ndani yake huongezeka kemikali inayofupishwa HMF, ambayo viwango vya kimataifa vya Codex vinaiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Mnunuzi yule hakuhitaji maabara. Pua ilitosha.

Na kwenye sufuria kavu mambo ni mabaya zaidi kuliko kipimajoto kinavyoweza kuonyesha. Asali ni nzito, inashuka. Nta ni nyepesi, inapanda. Maana yake asali ndiyo inayokaa chini, inaupokea moto wa mkaa moja kwa moja, huku nta tunayotaka kuiyeyusha iko juu kwenye ubaridi. Tunaipika asali ili joto lake lipande likayeyushe nta. Ukitaka kuunguza asali kwa makusudi, usingebuni mtambo bora kuliko huo. Lile povu lililoruka jikoni lilikuwa asali inachemka chini ya kifuniko cha nta.

Sasa, shemeji alidanganya? Hapana. Mzee alifanya hivyo kweli. Lakini mzee alikuwa akitafuta nta. Tangu enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, nta ilikuwa bidhaa iliyosafirishwa kutoka nchi hii kwenda ng'ambo, na kwa mfugaji wa bara mara nyingi ndiyo iliyoleta fedha, wakati asali ilinyweka na kulika nyumbani. Kwa mtu anayetafuta nta, kilichobaki chini ya sufuria ni maji machafu matamu ya kupikia pombe. Mbinu ile ilikuwa sahihi kwa kazi yake, ikahamishiwa kwenye kazi nyingine bila mtu kuuliza. Hili naliona mara nyingi kwenye ufugaji nyuki wetu, na sidhani kwamba dawa yake ni kuwacheka wazee. Ni kumuuliza mzee alikuwa anauza nini.

Kuhusu kuchanganya: wengine wataliita udanganyifu. Mimi nililiona kama ndoo iliyopungua. Mama huyu hakuwa na nia ya kumwibia mtu. Alikuwa na sharti la ndoo iliyojaa na kilo tano mkononi. Ila asali haina namna ya kutenganishwa tena ikishachanganywa, na harufu ya kuungua haipungui kwa uwiano. Kilo tano kati ya 28 zilitosha kuibadilisha ndoo nzima. Angempigia simu mnunuzi amwambie ndoo ya pili haijajaa, kwa ninavyomfahamu mnunuzi yule angeichukua hivyo hivyo. Hakupiga.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni stoo ya bati, na haikugharimu hata senti. Kosa kubwa la mchujo wa mwanzo lilikuwa haraka: siku mbili zenye usiku wa baridi katikati, masega yakiwa mabonge. Machicha ya kilo 24 kwenye mavuno ya kilo 78 ni mengi mno. Ukijumlisha kilo tano zilizochuruzika na moja iliyokamuliwa, nusu ya uzito wa ndoo ya pili ilikuwa asali, na ndoo ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo au zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya "asali iliyobaki kwenye nta" haikubaki kwa sababu imeshikwa na nta. Ilibaki kwa sababu haikupewa joto na muda. Iliyoshikwa kweli ni ile iliyotoka kwa maji, na hiyo ni kidogo.

Chavua iliharibu zaidi kuliko tulivyoona wakati ule. Uchungu na ukungu wa ile kilo moja ulitoka humo, na masega ya zamani yenye maganda ya majana huinywa nta wakati wa kuyeyusha, ndiyo maana kilo 12 za machicha hazikufikisha kilo mbili za nta. Uchambuzi wa masega ungefanyika mzingani, usiku ule wa kwanza, kwa ndoo mbili badala ya moja. Jikoni ni kuchelewa.

Kuna aliyeniuliza kwa nini hatukuwarudishia nyuki machicha wayalambe. Inafanyika, tena nyuki huyakausha vizuri kuliko neti yoyote. Lakini lazima yawekwe ndani ya mzinga uleule yalikotoka, jioni, kidogo kidogo. Ukiyamwaga wazi unaanzisha vita vya wizi kati ya makundi, unaweza kusambaza magonjwa kutoka mzinga hadi mzinga, na kwa nyuki wetu wa Afrika unahatarisha kila chenye uhai kilichofungwa kamba. Neti moja kwenye kamba ya nguo ilitosha kumlaza mbuzi. Kwa mizinga iliyo saa moja na nusu kwa baiskeli, hesabu haikukubali.

Msimu uliofuata Mama Mizinga alirina kwa ndoo mbili, moja ya asali iliyozibwa, moja ya yenye chavua, na ndoo zote zilipitia stoo ya bati kwa siku nne kabla ya kitu kingine chochote. Machicha yalikuwa machache zaidi na makavu zaidi. Mizani ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, kwa hiyo sina kilo za kuandika. Machi alikuwa amekinga dumu mbili za maji ya mvua kwa ajili ya nta, akaziandika kwa mkaa MSIGUSE. Kufikia Juni Bibi alikuwa ameshayafulia. Nta iliyeyushwa kwa maji ya kisima na siki.